Muhuri wa Mwokaji na Herufi ya Duara

Katika jumba la makumbusho ya mambo ya kale mjini Naples, Italia, umehifadhiwa mkate wa mviringo uliogeuka makaa. Ulikuwamo Herculaneum mwaka 79, mlima Vesuvius ulipolipuka na kuufukia mji huo. Juu ya ganda lake umepigwa muhuri wa herufi za Kilatini usemao kuwa mkate ni wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Mtu ambaye yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali ya mwenziwe ameacha jina lake juu ya chakula, na jina hilo lingali lasomeka.

Huko Uingereza, zama za Mfalme Henry wa Tatu, sheria za mkate na pombe, ambazo aghalabu hutajwa kuwa za mwaka 1266, zilimlazimisha kila mwokaji awe na alama yake. Hakupewa alama hiyo ili ajivune nayo. Mkate uliopunjwa uzito ulipokamatwa, alama ndiyo iliyomshitaki mwenyewe: alitozwa faini, na akizidi kukaidi alitiwa mkatale mbele ya kadamnasi. Alama ilikuwa mzigo wa muuzaji na kinga ya mlaji.

Karne ya 19 iliyapindua mambo. Viwanda, reli na mikebe ya bati vilimtenga mlaji na mpishi. Mnunuzi hakuijua tena sura ya aliyemlisha, aliijua karatasi iliyobandikwa. Bunge la Uingereza likatunga sheria ya usajili mwaka 1875, na daftari likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876. Alama ya kwanza kuandikwa ilikuwa pembetatu nyekundu ya pombe ya Bass, ile ile ionekanayo kwenye chupa katika picha ya baa ya Paris aliyoichora Manet mwaka 1882. Tangu hapo alama ikawa mali kama shamba au nyumba: yauzwa, yarithiwa, yadaiwa mahakamani. Ule mzigo wa mwokaji ukawa rasilimali ya tajiri.

Herufi R ndani ya duara, ®, ilitajwa katika sheria ya Marekani ya mwaka 1946 kuwa mojawapo ya njia za kutangaza kwamba alama imesajiliwa. Herufi TM hudai tu: mwenye bidhaa asema jina ni lake, pengine hata hajaenda kwa msajili. C ya duara, ©, yahusu mchoro na maandishi, si jina. Kuipachika ® pasipo usajili ni kosa la jinai Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1994.

Hakuna hata moja kati ya herufi hizo isemayo lolote juu ya kilichomo ndani ya paketi. R haisemi kuwa unga ni safi, wala kuwa nyama ni halali, wala kuwa gramu zilizoandikwa ndizo zilizomo. Mwenye kutaka habari za ubora hana budi kutafuta alama nyingine, kama ile ya TBS au ya ZBS. R humlinda mwenye jina dhidi ya mfanyabiashara mwenziwe, na pengine dhidi ya lugha yenyewe. Kwani Waswahili wengi huomba blubendi dukani wakikusudia majarini yoyote iliyopo, na hakuna jambo wenye majina wanaloliogopa kama hilo la jina kuwa la kila mtu. (Watunzi wa tenzi, watiao majina yao katika beti za mwisho, hutamani kinyume chake: utenzi wao wende kila kinywa.)

Usajili nao una mipaka. Tanzania Bara ina sheria yake ya mwaka 1986, na Zanzibar ina yake, Namba 4 ya mwaka 2008. Jina lililosajiliwa Dar es Salaam halijasajiliwa Unguja wala Pemba mpaka liandikwe huko pia.

Majina ya mahali yana taabu zaidi. Mwaka 2005 Ethiopia iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa zake, Harrar, Sidamo na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko kilipinga, na mvutano na kampuni ya Starbucks ukaisha kwa mapatano ya mwaka 2007. Njia iliyo nyoofu zaidi kwa jina la mahali ni ile iitwayo kiashirio cha kijiografia, nayo imo katika sheria hiyo ya Zanzibar. Jina la karafuu likilindwa hivyo haliwi la tajiri mmoja, bali la wote wazivunao mahali hapo. Lakini njia hiyo yadai kazi: mipaka ya mashamba iandikwe, sifa za zao zielezwe, na awepo mtu mwenye idhini ya kulikataa gunia lisilofikia kiwango, hata liwe la nani.