Mpagazi na Gari la Moshi

Siku hizi roboti na mashine zinazojiendesha zinapotajwa, swali la kwanza huwa ni hili: je, zitawanyang'anya watu kazi? Katika nchi yetu swali hili si geni. Lilizuka katika njia ya kale iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, pale gari la moshi lilipomkuta mpagazi njiani.

Kabla ya kuendelea hatuna budi kuondoa kosa moja ambalo bado twalisikia madarasani, kwamba kila aliyebeba mzigo katika misafara ya karne ya 19 alikuwa mtumwa. Watumwa walikuwapo, na mateso yao hayafichiki. Lakini wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na chungu, mkeka na silaha ya mwenyewe. Mtoto wa Kinyamwezi alijizoeza mapema kwa kubeba pembe ndogo ya ndovu, na kijana ambaye hajapata kufika pwani hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Kazi hii ilikuwa na desturi zake. Mbele alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia na wa visima. Ngoma na nyimbo zikaongoza mwendo. Ujira, posho na urefu wa safari ya kila siku vilikuwa mambo ya kupatana. Tajiri aliyepunguza posho aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na wenyewe wamekataa kuinuka, au wamekwisha toroka usiku. Sisi twauita huo mgomo, hata kama wenyewe hawakuuita hivyo.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Behewa moja la tani 10 lilichukua mizigo ya wapagazi zaidi ya 300, wala halikudai posho. Bagamoyo, uliokuwa mlango wa misafara, ukaachwa kando na reli, na biashara yake ikafifia.

Hatusemi kwamba reli ilikuwa msiba. Njia ya misafara iliua watu wengi kwa njaa, kiu na ndui, na hakuna mzee aliyemtakia mjukuu wake mabega yenye sugu. Lakini tuangalie wapagazi walikwenda wapi. Kazi hawakuikosa: wengi waliingia katika ujenzi wa reli ile ile, na wengine katika mashamba ya mkonge. Huko mashambani, hasa wakati wa utawala wa Waingereza, mtu aliyeandikwa kwa mkataba aliitwa manamba, kwa sababu alijulikana kwa namba yake. Baba yake alikuwa amepatana ujira kabla ya kuinua mzigo. Yeye alikuta ujira umekwisha pangwa. Hasara hii, kwa maoni yetu, ilikuwa kubwa kuliko ile ya kazi yenyewe.

Tena mashine haikumaliza kazi ya mabega. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipofika mahali pasipo reli, serikali za kikoloni zilikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wengi wao kwa nguvu, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi na njaa. Waingereza waliwaita kikosi chao Carrier Corps, na jina hilo, likiisha kupita katika vinywa vya wenyeji, likawa Kariakoo.

Huko Kariakoo, Dar es Salaam, si mbali na stesheni ya reli, wachukuzi wangali wanabeba marobota ya nguo vichwani na kusukuma mikokoteni. Nao hupatana bei kwanza, ndipo wainue mzigo.