Nyota ya mkebe juu ya mti wa mbao



Disemba ikikaribia, kuna vijana kati yetu hapa Kanombe wanaotengeneza miti ya Noeli kwa mbao. Kukata mti bila kibali ni kosa, mti wa plastiki wa dukani bei kali, lakini mabaki ya mbao kwa seremala unaweza kuyapata kwa pesa kidogo. Unapanga vipande toka kirefu mpaka kifupi, unavipigilia kwenye ubao wa katikati, basi mti umesimama. Shida inabaki moja: pale juu tuweke nini? Wengine wanasema bila ile nyota ya dukani inayong'aa sherehe haijakamilika, eti mti wa mbao ni wa maskini. Mimi nilianza kusoma historia yake, na historia inasema vingine.

Tuanze na mti wenyewe. Huko Ujerumani kuna kisiwa kinaitwa Föhr, kwenye Bahari ya Kaskazini. Zamani miti ilikuwa michache sana huko. Watu wakaunda mti kwa vijiti vya mbao, wakauzungushia majani mabichi, wakatundika sanamu ndogo za unga: Adamu na Hawa, pamoja na wanyama. Mpaka leo ni desturi yao na wanaionea fahari. Kwa hiyo mti wa mbao haukuanza kwetu. Ni kazi ya watu walioishi pasipo na miti.

Sasa twende juu. Mwaka 1848 gazeti moja la London lilichapa picha ya Malkia Victoria na familia yake wakizunguka mti wa Noeli. Juu yake kulikuwa na malaika. Picha ile ilisaidia sana kueneza mti huo Uingereza na Marekani. Malaika ni yule aliyewaletea wachungaji habari njema. Nyota ni ile iliyowaongoza mamajusi. Hakuna sheria ya kanisa inayosema kipi ni sahihi.

Lakini kuna nyota moja inayotuhusu zaidi. Mwaka 1722 wakimbizi wa dini kutoka Moravia walivuka mpaka kuingia Saxony, wakapewa ardhi na tajiri mmoja, Zinzendorf. Wakajenga kijiji, wakakiita Herrnhut. Kumbe kilianza kama makazi ya wakimbizi! Miaka kama 100 baadaye, katika shule yao ya bweni pale Niesky, nyota ya karatasi yenye ncha nyingi ilitengenezwa kwenye masomo ya jometri. Baadaye ikaanza kuuzwa, na leo inajulikana dunia nzima. Watu wanaitundika barazani, wengine wanaiweka juu ya mti. Kanisa hilo hilo la Moravian lilifika kusini mwa Tanganyika mwaka 1891, na leo Tanzania ndiyo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote.

Fungueni pia Mathayo sura ya 2. Nyota inatokea mwanzoni. Kabla sura haijaisha, Yosefu anaamka usiku, anamchukua mtoto na mama yake, wanakimbilia Misri. Nyota na ukimbizi viko kwenye sura moja. Kwa hiyo hatuazimi alama ya watu wengine.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Chukua mkebe wa mafuta au wa nyanya uliokwisha, ufungue, uulaze kwa nyundo. Chora nyota ya upana wa kiganja. Mkongomani atachora ncha tano kama kwenye bendera yake, Mrundi atachora sita kama kwenye yake, zote ni sawa. Kata, halafu kunja kidogo kila ncha toka katikati, nyota itasimama imara na kushika mwanga. Kingo zisugue kwa msasa maana bati linakata vidole. Toboa kwa msumari, funga kwa waya. Isiwe nzito, mti utalala. Asiye na bati atumie majani makavu ya mgomba, yanafaa sana kwa malaika.

Ninyi mnaofanya kazi za misaada, mkitaka kutusaidia kwenye Noeli, msilete mapambo ya dukani. Leteni mikasi ya bati, glavu na msasa. Mapambo yanatumika mara moja, mkasi unabaki na ufundi unabaki.

Na kuna jambo la mwisho. Kanombe ndipo uwanja wa ndege ulipo. Septemba 2019 watu 66 waliotolewa Libya walishuka hapa. Wengine wetu tumewasindikiza ndugu hapo hapo, wakienda kuanza maisha mbali. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, wengi waliokuwa wameshajiandaa wamebaki. Anayeondoka hawezi kubeba mti, lakini nyota ya mkebe inaingia katikati ya nguo. Anayebaki naye ana mti mzima, na Disemba haimsubiri mtu apate safari. Kwa hiyo mwaka huu kila nyumba itengeneze nyota mbili: moja ya kukaa, moja ya kupewa atakayeondoka.