Sentimita 80 Zilizopotea: Historia ya Pikapu, Pikipiki Kubwa na Kovu la Mguu Wangu

Leo ubuyu wa mastaa tunauweka pembeni kidogo. Nawaletea historia, ila sio ile ya darasani ya kukariri miaka. Ni historia ya pikapu. Ukimaliza kusoma utajua kwanini mguu wangu wa kulia una kovu refu. Majina ya wahusika sitaji, kwahiyo msinifuate inboksi kuniuliza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo nimeyaona, nikanyamaza. Nikapata kazi ya utingo kwenye pikapu moja pale Mugumu, wilaya ya Serengeti. Siku moja bosi akapigiwa simu: kuna mtu amekwama Kisaka na pikipiki yake, klachi imekufa, anataka ifikishwe Arusha. Tukaenda. Kichwani nilikuwa na picha ya Boxer tu, ile ya bodaboda. Tulipofika nikabaki mdomo wazi. Lilikuwa dude la BMW, GS 1200, limeegeshwa chini ya mti, watoto wa kijiji kizima wamelizunguka.

Hebu tuweke hesabu mezani. Boxer ina uzito wa kilo 110 na kitu, vijana wawili mnainyanyua mnacheka. GS 1200 inazidi kilo 220, na urefu wake ni kama mita 2.2. Pikapu yetu ilikuwa dabo kebini, bodi yake mita 1.5. Hata kama hesabu ulipata F kama mimi, hapo unaona kabisa kuna sentimita 70 hazina pa kukaa.

Sasa swali: bodi ilifupishwa na nani?

Turudi nyuma. Zamani huku kwetu gari la kazi lilikuwa Land Rover, gari lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Halafu mwaka 1968 kule Japani ikatoka Toyota Hilux. Enzi hizo pikapu maana yake ilikuwa moja: dereva na mtu wake mbele, nyuma yote ni mzigo. Hiyo ndiyo singo kebini. Hata ukichukua Hilux ya siku hizi ya singo, bodi yake ni kama mita 2.3. GS inaingia mzima mzima, na mlango wa nyuma karibu unafunga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja Hilux ya dabo kebini. Wazo lenyewe zuri: gari moja ibebe watu watano na mzigo pia. Ofisi zikaipenda, miradi ikaipenda, wenye familia wakaipenda. Lakini gari halikurefuka sana. Ile siti ya nyuma ilikatwa kutoka kwenye bodi. Toa mita 1.5 kwenye mita 2.3, unapata sentimita 80. Sentimita 80 za mzigo zikageuka kuwa siti ya mabosi. Hakuna aliyelalamika, maana wengi walionunua dabo kebini hawakuwa na shida ya kubeba kitu kirefu.

Na pikipiki nazo? Huku kwetu zilikuwa ndogo miaka yote. Neno bodaboda lenyewe lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, miaka ya 1960, watu wakivushwa kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Baadaye zikaja pikipiki. Honda walitoa CG 125 miaka ya 1970, injini ngumu isiyo na mambo mengi, Wachina wakaiga, na miaka ya 2000 mikoani zikajaa pikipiki za Kichina na za Kihindi. Kwa hizo, dabo kebini haina tabu sana. Unailaza kimshazari, unafunga, safari.

Lile dude la BMW lina ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1980 Wajerumani walitoa GS ya kwanza, pikipiki ya kupita popote, na mwaka 1981 ikashinda mbio za Paris hadi Dakar. Tangu hapo, kwa ujumla, ukoo huo umenenepa. Kwahiyo angalia hiyo sinema: pikipiki zinarefuka na kunenepa, bodi ya pikapu inafupika. Vikakutana Kisaka, na mimi nipo katikati.

Utauliza, kwanini asitengeneze klachi hapo Mugumu aondoke mwenyewe? Hapa ndipo historia yetu ya Mara inapoingia. Njia fupi ya kwenda Arusha inakatiza Hifadhi ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na humo pikipiki haziruhusiwi. Mabasi yanapita, malori yanapita, pikipiki hapana. Simba na nyati hawajui leseni. Kwahiyo hata ingekuwa nzima, angechagua mawili: azunguke Mwanza, Shinyanga na Singida, au aipakie kwenye gari. Na barabara yenyewe ni ya vumbi. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia Serikali kujenga lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi, kwa ajili ya wanyama wanaohama. Sibishani na mahakama, hata mimi nyumbu nawapenda. Nasema tu mjue: ukipakia kitu kutoka Mugumu kwenda Arusha, umekipakia kwa ajili ya rafurodi.

Basi, tulipakiaje? Bosi alirudisha gari rivasi hadi kwenye kichuguu, mlango wa nyuma ukalala juu ya udongo, tukaisukuma ikaingia kama inapanda daraja. Hiyo akili ya kichuguu ni ya wazee wetu na nawapa maua yao. Shida ilianzia juu. Tairi la mbele limegusa kebini, tairi la nyuma limekaa juu ya mlango ulio wazi, mwishoni kabisa. Bosi akashusha stendi ya pembeni, akafunga kamba za mpira, zile za kukata kwenye tyubu. Halafu akanitazama.

"Mura, wewe utaishika. Ni mwendo mdogo tu."

Kwetu ukiitwa mura huwezi kusema unaogopa. Nikapanda.

Jambo ambalo sijalisahau mpaka leo ni hili: siti ya nyuma, ile iliyokula sentimita 80 zetu, haikuwa na mtu. Lilikaa begi la mwenye pikipiki. Na lilikuwa limefungwa mkanda.

Hatukufika hata geti la Ikoma. Barabara ilikuwa na matuta matuta yale ya kutetemesha meno. Mpira unavutika, ndiyo kazi yake, kwahiyo kila tuta dude linanyanyuka na kurudi, kila likirudi kamba imelegea kidogo. Nilipiga ngumi kwenye kebini, mziki ulikuwa juu, hawakusikia. Stendi ikateleza, kilo 220 zikaja upande wangu. Bomba la moshi na bati la bodi, katikati yake mguu. Nilishonwa nyuzi 14. Mwenye pikipiki, haki nimpe, alilipa hospitali. Bosi kitu cha kwanza alichouliza ni kama kioo cha pembeni kimevunjika.

Baadaye nilifanya kazi na dereva mmoja mtu mzima wa Tarime, anayebeba mizigo ya Nyamongo. Yeye ndiye aliyenifundisha inavyotakiwa. Pikipiki kubwa kwenye bodi fupi unaiweka kimshazari, kona hadi kona, ili tairi la nyuma likae karibu na bawaba za mlango na sio kwenye ncha yake, maana nyaya zile zinavumilia mzigo uliotulia, sio unaorukaruka. Stendi unaikunja. Gia unaacha namba moja. Unafunga kwa mikanda isiyovutika, miwili ya mbele unaikaza mpaka shokapu zishuke kama nusu, miwili ya nyuma inazuia isicheze. Ukienda kilomita chache unasimama, unakaza tena. Ikifungwa hivyo, mtu wa kuishika hahitajiki. Na kama haifungiki hivyo, tafuta singo kebini au Canter, usitafute mura.

Hiyo ndiyo historia yangu ya leo. Waliochora dabo kebini hawakuwa wabaya, walikata bodi wakaongeza siti. Ila pengo halikwenda popote. Kila mzigo mrefu ukija, pengo lile linazibwa na kijana asiyeweza kusema hapana, kwa elfu tano ya siku. Ukiona pikapu inapita na pikipiki nyuma na kijana ameikumbatia, usipige picha ya kuchekesha. Mwambie dereva asimame.

Haya wadau, utingo wenzangu mpo? Wewe ulishawahi kushikishwa nini nyuma ya gari? Friji? Ng'ombe? Jeneza? Tupia hapo chini kwenye komenti, nazisoma zote.