Sumu Iliyofichua Nyuzi za Seli

Tangu kale waganga wa nchi zilizo kando ya Bahari ya Mediterania walilijua ua moja dogo la rangi ya zambarau, lichanualo wakati majani ya miti yanapopukutika. Wataalamu huliita Colchicum. Waganga hao walijua kwamba tunguu lake huua, na kwamba kipande kidogo chake humtuliza mgonjwa wa jongo, maradhi yale ya kuvimba kidole gumba cha mguu. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, ndio hao hao waliotoa kwinini katika ganda la mti, waliitenga sumu ya ua hilo, nayo baadaye ikaitwa kolkisini. Msomaji asidhani kwamba sumu hii ni ya ng'ambo tu; imo pia katika Gloriosa, lile ua litambaalo lenye petali nyekundu na manjano zilizopindia juu, ambalo huota lenyewe porini hapa Kenya.

Nani angedhani kwamba sumu ya jongo ingekuja kukata shauri la wataalamu wa seli?

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka 1882 Mjerumani Walther Flemming alieleza kwa michoro mizuri sana jinsi seli moja inavyogawanyika kuwa mbili. Kromosomu hujipanga katikati, kisha nusu huenda upande huu na nusu upande ule, na kati ya pande hizo huonekana nyuzi nyembamba, kana kwamba ndizo zinazozivuta. Lakini ili kuziona nyuzi hizo, ilimpasa mtu aiue seli kwa tindikali na kuitia rangi. Katika seli iliyo hai, mahali pale palionekana patupu. Basi wapinzani wakauliza: je, nyuzi hizi zilikuwamo, au zimefanywa na tindikali yenyewe, kama vile maziwa yanavyoganda yakikamuliwa ndimu? Swali hilo halikuwa la upuuzi hata kidogo, nalo lilidumu kwa muda wa miaka sabini hivi.

Katika miaka ya 1930, huko Brussels, A. P. Dustin na wenzake walionyesha kwamba kolkisini huizuia seli isigawanyike. Kromosomu huwa tayari, lakini hazitengani. Hukaa tu kama abiria waliokosa gari. Ilikuwa dhahiri kwamba sumu imeharibu kitu fulani, lakini ni kitu gani?

Jibu la kwanza lilitolewa na Mjapani Shinya Inoué. Yeye hakuiua seli. Aliunda hadubini itumiayo mwanga uliochujwa ukatikisika upande mmoja tu, ambao hung'aa ukipita penye vitu vilivyopangwa sambamba. Mwaka 1953 alichapisha ushahidi wa nyuzi hizo katika seli zilizo hai. Zaidi ya hayo, alikuwa ameonyesha kwamba zikitiwa kolkisini hutoweka, na kwamba seli ikipozwa nyuzi hupotea, ikipashwa joto hurudi. Kitu kinachopotea na kurudi hakiwezi kuwa kovu la tindikali.

Mwaka 1963 dawa mpya ya kuhifadhi seli, glutaraldehidi, iliwawezesha Ledbetter na Porter, wakitumia hadubini ya elektroni, kuona kwamba kila uzi ni mrija mtupu ndani. Mirija hiyo ikaitwa mikrotubuli. Upana wake ni nanometa 25 hivi, hata ukiipanga mirija 40,000 ubavu kwa ubavu itajaza milimita moja tu.

Sasa ikabaki kujua imejengwa kwa nini. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, Edwin Taylor na mwanafunzi wake Gary Borisy walitumia kolkisini iliyotiwa haidrojeni itoayo mionzi, wakaifuata ilikokwenda, kama mfugaji anayemfunga ng'ombe kengele. Mwaka 1967 walitangaza kwamba hunasa kwenye protini moja. Ajabu ni kwamba protini hiyo ilikuwa tele katika ubongo, ambamo seli nyingi hazigawanyiki kabisa! Lakini seli za ubongo zina mikono mirefu iliyojaa mikrotubuli, na hapo fumbo likafumbuka: protini hiyo ndiyo tofali la mirija yenyewe. Mwaka 1968 Hideo Mohri aliipa jina la tubulini.

Tubulini huja kwa jozi, alfa na beta. Jozi hufuatana katika safu, na kwa kawaida safu 13 hufanya mrija mmoja. Mwaka 1972 Richard Weisenberg aliijenga mirija ndani ya chupa, baada ya kuondoa kalisi na kutia kemikali iitwayo GTP. Kisha mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walieleza tabia yake ya kigeugeu: maadamu ncha ina GTP nzima, mrija hurefuka, GTP ya nchani ikivunjika, mrija humomonyoka ghafla, huku jirani yake akiendelea kukua. Hivyo ndivyo nyuzi zinavyopapasa ndani ya seli mpaka zizipate kromosomu.

Wanyama wote wana tubulini, lakini si ya namna moja kabisa. Vidonge vya albendazoli wapewavyo wanafunzi shuleni hushika tubulini ya minyoo kwa nguvu kuliko ya binadamu. Mirija ya mnyoo huvunjika, naye hushindwa kufyonza sukari, akafa.