Abushiri na Mapadre wa Bagamoyo

Kila tunapokutana, ndugu zangu, hakosi mtu wa kuuliza ilikuwaje tukalala bweni moja pale Pugu, Waislamu na Wakristo, bila matata. Wengi hujibu kwamba hiyo ndiyo tabia ya Mtanzania. Jibu hilo mimi silikubali. Tabia hiyo ilijengwa na watu, na mara nyingine ilijengwa katikati ya vita. Vilima vya Pugu ni shahidi.

Mnamo tarehe 13 Januari 1889, misheni ya Wabenedikto wa Kijerumani iliyoanzishwa Pugu mwaka mmoja tu kabla yake ilishambuliwa na kuteketezwa. Baadhi ya wamisionari waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mtu akisoma habari hiyo peke yake atasema ni vita vya dini, Waislamu wa pwani dhidi ya Wakristo. Vitabu kadhaa vya wakoloni vilieleza hivyo hivyo, maana maelezo hayo yaliwafaa.

Lakini tazama Bagamoyo. Huko Mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walikuwapo tangu mwaka 1868. Abushiri bin Salim aliuzingira mji na kupiga kambi jirani nao. Misheni hakuigusa. Watu kwa maelfu, wa dini zote na wasio na dini, walikimbilia katika mashamba yake wakajenga vibanda chini ya minazi. Tena Padre Étienne Baur na wenzake ndio waliokuwa wakienda na kurudi kati ya Abushiri na Wajerumani, hata mateka wa Pugu wakakombolewa.

Kwa nini huku moto na kule amani? Ugomvi ulianza Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipokuja kushika forodha na kupandisha bendera yake pwani. Wabenedikto wa Pugu walikuja pamoja na bendera hiyo, au ndivyo watu walivyowaona. Wale wa Bagamoyo walikuwa majirani wa miaka ishirini: walitibu wagonjwa, walinunuliana vyakula na watu wa mji, na waliwaacha Waislamu na dini yao. Sisemi kwamba walikuwa malaika. Waliobatizwa wengi walikuwa watumwa waliokombolewa, na hao hawakuwa na pengine pa kwenda. Hata hivyo ujirani huo ulitosha kuokoa maisha.

Abushiri mwenyewe hakuokoka. Tarehe 8 Mei 1889 Wissmann aliivunja kambi yake, na tarehe 15 Desemba akanyongwa Pangani.

Napendekeza kwa kamati kwamba safari yetu ijayo iwe Bagamoyo. Makumbusho ya misheni yamo katika nyumba ya zamani ya masista, na kutoka hapo hadi mjini ni mwendo mfupi kwa miguu, hata kwa sisi wenye magoti mabovu.