Kiwewe cha vita: Jeraha la askari ambalo eksirei haioni

ASKARI aliyepigwa risasi mguuni hana haja ya kumshawishi daktari kwamba ameumia. Picha ya eksirei humsemea. Lakini mwenzake aliyerudi akiwa mzima wa viungo, asiyelala usiku, anayeruka mlango unapobamizwa na asiyethubutu kuketi mahali akiupa mlango kisogo, hana ushahidi wowote ila kauli yake mwenyewe.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa maradhi ya kiwewe, ambayo madaktari huyaita kwa kifupi PTSD. Kwa zaidi ya miaka 40 watafiti, hususan wa Marekani, wamekuwa wakisaka majibu ya maswali mawili. Askari mgonjwa atatambuliwaje kwa yakini? Na akishatambuliwa, atatibiwaje? Majibu yaliyopatikana yanatia moyo kuliko ilivyokuwa kizazi kimoja kilichopita, ingawa hayajakamilika kama wengi wanavyodhani.

Maradhi yenyewe si mageni. Mnamo 1871 daktari Mmarekani Jacob Da Costa aliandika kuhusu wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo waliolalamikia moyo kwenda mbio na kifua kubana. Katika Vita Vikuu vya Kwanza ilidhaniwa kwamba mishindo ya mizinga ndiyo iliyoutikisa ubongo, na mwaka 1915 Charles Myers, daktari wa jeshi la Uingereza, alichapisha makala ya kwanza ya kitabibu kuhusu hali hiyo.

Wengine hawakubahatika kuitwa wagonjwa. Wanajeshi 306 wa Uingereza na milki zake waliuawa kwa kupigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama vile kutoroka na woga. Mmoja wao, Harry Farr, alikuwa amelazwa kwa miezi kadhaa kutokana na mshtuko wa mizinga kabla ya kuuawa mnamo Oktoba 1916. Msamaha wa serikali ulitolewa mwaka 2006, miaka 90 baadaye.

Ilikuwa hadi 1980 ambapo Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliyaingiza maradhi haya katika kitabu chake cha mwongozo. Hatua hiyo ilifuatia shinikizo la askari waliopigana Vietnam na la madaktari waliowaunga mkono, wakiwamo Chaim Shatan na Robert Jay Lifton.

Mzozo wa takwimu

Mara tu maradhi yalipopewa jina, suala la fedha likajitokeza. Anayethibitishwa kuwa mgonjwa kwa sababu ya vita hustahiki malipo ya serikali kila mwezi. Je, ni wangapi waliokuwa wakiugua kweli?

Mwaka 1983 Bunge la Marekani liliamuru ufanywe utafiti wa kitaifa. Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Miongoni mwa wanaume waliohudumu Vietnam, asilimia 30.9 walikuwa wamewahi kuugua PTSD, na asilimia 15.2 walikuwa bado wanaugua zaidi ya mwongo mmoja baada ya vita kumalizika. Wakosoaji hawakukubali. Walihoji inawezekanaje wagonjwa wawe wengi hivyo ilhali wengi wa waliopelekwa Vietnam hawakuwa katika vikosi vya mapigano. Baadhi walidokeza kwamba askari wastaafu walikuwa wakitia chumvi ili walipwe.

Jibu lilitolewa mwaka 2006 na Bruce Dohrenwend wa Chuo Kikuu cha Columbia pamoja na wenzake, katika jarida la Science. Badala ya kutegemea kumbukumbu za askari peke yake, walifukua rekodi za kijeshi wakalinganisha alichosema kila mmoja na yaliyoandikwa kuhusu kikosi chake. Waliwaondoa pia wale ambao dalili zao hazikuwaathiri vya kutosha katika maisha ya kila siku. Idadi ikashuka: asilimia 18.7 waliowahi kuugua, na asilimia 9.1 waliokuwa wakiugua wakati wa utafiti wa awali.

Kwa hivyo wakosoaji walikuwa na hoja kuhusu ukubwa wa takwimu. Hata hivyo, kuhusu tuhuma ya uongo walikosea. Rekodi hazikuonyesha udanganyifu wa maana, na kadiri askari alivyokumbana na mapigano makali ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyoongezeka. Hii ni nukta inayofaa kukumbukwa kila mara anapodhaniwa mtu kuwa anajisingizia.

Kipimo ni mahojiano

Mwongozo wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataka kwanza pawepo tukio la kutisha lililomkabili mtu na kifo, jeraha baya au unyanyasaji wa kimapenzi. Kisha zitafutwe dalili za aina nne: tukio kujirudia akilini au ndotoni, kuepuka chochote kinacholikumbusha, fikra na hisia kuharibika, mathalan kujilaumu au kutoweza kuwapenda jamaa, na mwili kukaa chonjo wakati wote, pamoja na hasira za ghafla. Dalili hizo sharti zidumu kwa zaidi ya mwezi mmoja na zivuruge maisha.

Kipimo kinachoaminika zaidi ni mahojiano maalumu yanayojulikana kama CAPS, yaliyobuniwa na watafiti wa Kituo cha Kitaifa cha PTSD. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1989 chini ya idara ya Marekani inayoshughulikia askari wastaafu. Mahojiano huchukua takriban saa nzima. Palipo na haraka, askari hujaza fomu ya maswali 20 na kujipa alama kati ya 0 na 4 kwa kila swali. Anayepata alama 31 hadi 33 au zaidi huelekezwa kwa mtaalamu. Fomu hiyo ni ya kuchuja tu, na kumtangaza mtu mgonjwa kwa alama hizo pekee ni kosa.

Bila shaka watafiti wangependa kipimo kisichotegemea maneno. Wamejaribu. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1998, zaidi ya maveterani 1,000 wa Vietnam waliunganishwa na mitambo ya kupima mapigo ya moyo, jasho na misuli ya uso huku wakisikilizishwa habari za vita. Mitambo iliwatambua takriban thuluthi mbili tu ya wagonjwa. Thuluthi moja ya waliougua kweli ilipita bila kugunduliwa.

Picha za ubongo nazo zilileta kitendawili kingine. Ilikuwa imebainika kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa ndogo kwa maveterani wagonjwa, na ikadhaniwa kwamba vita ndivyo vilivyoisinyaza. Mwaka 2002 watafiti walifanya jambo la werevu. Waliwatafuta pacha wa kufanana, mmoja akiwa amepigana Vietnam na mwenzake amebaki nyumbani. Ilibainika kwamba pale ambapo mpiganaji aliugua vibaya, hata pacha wake ambaye hakwenda vitani alikuwa na hipokampasi ndogo. Udogo huo, basi, huenda ulikuwapo hata kabla ya risasi ya kwanza kulia, na ukawa unamweka mtu katika hatari zaidi. Kama kipimo cha kuthibitisha maradhi, haufai.

Kuzungumza kunakotibu

Katika matibabu, njia mbili zimechunguzwa kuliko nyingine zote. Ya kwanza, iliyoasisiwa na Edna Foa, humtaka mgonjwa asimulie tukio lile lile tena na tena, ajisikilize nyumbani kwenye kinasa sauti, na arejee hatua kwa hatua mahali anapopakwepa, kama vile sokoni au ndani ya basi lililojaa. Ya pili, ya Patricia Resick, hushughulikia zaidi imani zilizomkwamisha mgonjwa. Askari anayejiambia kwamba mwenzake asingekufa lau yeye angekuwa macho, huongozwa kuichunguza kauli hiyo kama hakimu anavyochunguza ushahidi.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 liliwahusu wanawake 284, karibu wote askari wastaafu. Kwa wengi wao tukio baya zaidi halikuwa vita bali kudhulumiwa kimapenzi. Waligawanywa kwa kura. Baada ya vikao 10, asilimia 41 ya waliotumia njia ya Foa hawakuwa tena na maradhi, ikilinganishwa na takriban asilimia 28 ya waliojadili matatizo yao ya sasa tu bila kuligusa tukio lenyewe.

Hayo ni mafanikio. Lakini yatazamwe pia kwa upande wa pili: asilimia 59 walibaki wagonjwa. Tathmini ya mwaka 2015 ya majaribio kuhusu wanajeshi ilifikia hitimisho kama hilo. Kati ya nusu na asilimia 70 walipata nafuu ya maana, ilhali takriban thuluthi mbili bado walistahili kuitwa wagonjwa baada ya tiba.

Tatizo kubwa ni kwamba wengi hawamalizi. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya jaribio lililoshirikisha maveterani 916 katika vituo 17, ambapo njia hizo mbili zilishindanishwa. Tofauti ya ufanisi ilikuwa ndogo mno. Waliokatiza tiba walikuwa asilimia 55.8 katika njia ya kwanza na asilimia 46.6 katika ya pili. Si ajabu, kwani tiba humtaka mgonjwa afanye kile hasa ambacho maradhi humwamuru akiepuke.

Kuhusu vidonge, ni dawa mbili tu zilizoidhinishwa Marekani kwa maradhi haya, nazo ni sertraline mwaka 1999 na paroxetine mwaka 2001. Prazosin, dawa ya shinikizo la damu, ilikuwa imetumiwa kwa miaka mingi kuzuia majinamizi ya usiku, na tafiti ndogo ziliisifu. Ilipopimwa kwa maveterani 304 katika vituo 13, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba haikushinda kidonge bandia. MDMA, iliyojulikana zaidi kama dawa ya kulevya ya vilabuni, ilizua matumaini makubwa, lakini Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha. Miongoni mwa hoja ni kwamba wagonjwa walitambua upesi kama wamepewa dawa halisi, hivyo matarajio yao yangeweza kupotosha matokeo.

Turkana na Uganda

Utafiti mwingi umefanywa kwa Wamarekani, na ni haki kuuliza iwapo unawahusu wapiganaji wa kwingine. Kwa Kenya, iliyotuma wanajeshi wake Somalia mnamo Oktoba 2011, swali hilo si la vitabuni tu.

Matthew Zefferman na Sarah Mathew waliwahoji wapiganaji 218 wa jamii ya Waturkana, ambao hulinda mifugo na kuvamia jirani, na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Asilimia 28 walikuwa na dalili za kutosha kudhaniwa kuwa na PTSD. Waliokuwa na dalili kali walishtuka na kukaa chonjo sawa na wanajeshi wa Marekani waliotafuta tiba. Ila dalili za huzuni, zile za kujitenga na kukata tamaa, zilikuwa chache kwao. Dalili hizo za huzuni ziliandamana zaidi na hisia ya mtu kwamba amekiuka maadili ya jamii yake kuliko ukali wa mapigano yenyewe.

Kaskazini mwa Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani walipima tiba ya masimulizi kwa vijana 85 waliokuwa wametekwa na kufanywa askari wangali watoto. Vikao vilikuwa vinane, na walioviendesha hawakuwa madaktari bali wenyeji waliopewa mafunzo. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba dalili zilipungua zaidi kwa waliosimulia maisha yao kuliko kwa waliopewa masomo ya ziada na ushauri wa kawaida.

Katika tiba hiyo, mgonjwa hutandaza kamba sakafuni kuwakilisha maisha yake tangu kuzaliwa. Huweka ua palipo na furaha na jiwe palipo na msiba, kisha husimulia akifuata kamba, jiwe baada ya jiwe, huku mshauri akiandika. Kila kikao huanza kwa kumsomea aliyoyasema awali ili asahihishe. Vikao vinapokwisha hukabidhiwa maandishi hayo yote yawe yake.