Trekta la Mtumba na Mzigo Wake: Kutoka Ohio na Kongwa hadi Tambarare ya Ruzizi

Historia ya trekta katika Afrika ya Mashariki na Kati huandikwa mara nyingi kama historia ya mipango mikubwa ya serikali, ilhali matrekta mengi yaliyoingia katika ardhi hii yalifika yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na faida au hasara iliyofuata ilianzia siku yalipochaguliwa. Anayenunua trekta la mtumba hununua pamoja nalo miaka liliyokwisha kufanya kazi na umbali uliopo kati yake na duka la vipuri, kwa hiyo bei inayotajwa mwanzoni ni gharama ya kwanza tu kati ya nyingi. Jambo hilo walilijua mapema wakulima wa Marekani waliogeuza matrekta yao makuukuu kuwa mashine za mashindano ya kuvuta. Serikali ya Uingereza, kwa upande wake, ilijifunza kwa mamilioni ya pauni katika mpango wake wa kilimo cha karanga huko Kongwa, Tanganyika.

Jiji la Bukavu katika Kivu, mashariki mwa Kongo, na hasa komuni yake ya Ibanda, lilikuwa na uhusiano wa karibu na njia ile ile iliyopeleka matrekta ya Waingereza Kongwa. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mkataba wa Milner na Orts wa mwaka 1921, kati ya Uingereza na Ubelgiji, uliwapa Wabelgiji maeneo yao maalumu katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, ili bidhaa za Kongo zipite bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Hivyo mzigo mzito uliokusudiwa Kivu uliweza kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kalundu, bandari ya Uvira, kisha ukapandishwa kwa barabara hadi Bukavu, mji ambao wakati huo uliitwa Costermansville. Miteremko ya Kabare na Walungu inayouzunguka mji huo ilibaki mikononi mwa jembe, kwa kuwa mashamba yake ni madogo na yameinama mno. Lakini kusini, baada ya kushuka mlima wa Ngomo hadi Kamanyola, tambarare ya mto Ruzizi hufunguka kuelekea Uvira, na ni huko ambako trekta lilipata ardhi ya kulifaa.

Ili kuelewa kwa nini uchaguzi wa trekta kuukuu ni jambo gumu, yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo wanunuzi huyachanganya. Nguvu ya injini, ambayo hupimwa kwa nguvu-farasi, si sawa na nguvu ya kuvuta, yaani uzito ambao mashine inaweza kuuburuta ikiwa imeshika ardhi halisi. Injini yenye nguvu nyingi iliyowekwa juu ya mwili mwepesi huzungusha magurudumu mahali pamoja na kuchimba shimo, wakati injini ya wastani iliyo chini ya uzito wa kutosha, na hasa uzito ulioegemea magurudumu ya nyuma, husonga mbele polepole na mzigo wake. Tena, mahali mnyororo unapofungwa nyuma ya trekta pana maana kubwa: ukifungwa chini, magurudumu ya mbele hubaki ardhini na dereva huliongoza trekta, ukifungwa juu mno, pua ya trekta huinuka na dereva hupoteza usukani, au trekta lenyewe hupinduka kinyumenyume.

Maarifa hayo yalipata uwanja wake wa hadhara katika majimbo ya kilimo ya Marekani. Kabla ya injini, wakulima walishindanisha farasi wao kwa kuvuta mizigo, na mwaka 1929 mashindano ya kwanza ya matrekta yalifanyika Bowling Green katika jimbo la Missouri na Vaughansville katika jimbo la Ohio. Trekta lilifungiwa chombo cha kuburuzwa kisicho na magurudumu, na kwa miaka mingi mzigo uliongezwa kwa njia rahisi kabisa: watu walisimama kando ya uwanja kwa vipimo vilivyopangwa, na chombo kilipowapitia walikanyaga juu yake mmoja baada ya mwingine, mpaka trekta likashindwa. Baadaye zikaja mashine ambazo sanduku la uzito husogea kutoka nyuma kuelekea mbele ya chombo kadiri trekta linavyokwenda, kwa hiyo mvuto huzidi kila hatua. Mwaka 1969 wawakilishi wa majimbo kadhaa waliunda chama cha kitaifa, National Tractor Pullers Association, kilichosawazisha kanuni, na uwanja wa futi 300, karibu mita 91, ukawa kipimo cha kawaida cha mvuto kamili.

Kwa mshindani asiye na fedha nyingi, kanuni hizo zilimlazimisha kufikiri kabla ya kununua. Kwa kuwa mashindano hugawanywa kwa madaraja ya uzito, hakukuwa na faida ya kutafuta trekta kubwa kuliko yote. Faida ilikuwa katika kupata lile ambalo uzito wake ulikaribia mpaka wa daraja na ambalo giaboksi na ekseli zake zingestahimili mshtuko wa mnyororo unapokaza. Ndiyo maana matrekta kama Farmall M, lililotengenezwa kati ya 1939 na 1952 kwa idadi iliyozidi 200,000, yalipendwa na watu wa kipato cha kawaida: si kwamba hayakuwa na wenzake wenye nguvu zaidi, bali kila kijiji kilikuwa na moja lililokufa ghalani ambalo gia, pistoni na rejeta zake ziliweza kunyofolewa ili kulifufua lingine. Wingi wa mashine za aina moja ulikuwa ghala la vipuri.

Kinyume cha busara hiyo kilionekana Tanganyika. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, alipendekeza kilimo kikubwa cha karanga ili kutibu uhaba wa mafuta ya kula uliokuwa Uingereza baada ya vita, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka nchi kwa wiki chache kisha ukashauri kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ilichaguliwa kuwa kituo cha kwanza, na mwanzoni mwa 1947 kikosi cha watangulizi kilianza kuwasili. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa maana viwanda vya dunia vilikuwa vimeelemewa na maagizo. Kwa hiyo wanunuzi walikwenda kwenye mabaki ya vita, wakachukua matingatinga yaliyoachwa na jeshi la Marekani nchini Ufilipino, na baadaye kampuni ya Vickers-Armstrongs ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick.

Mashine hizo zilikutana na ardhi ambayo haikuulizwa kwanza. Udongo wa Kongwa, mvua ikikatika, hukauka na kuwa mgumu kama tofali, na chembe zake kali zilikula vyuma vya majembe. Mizizi ya vichaka ilikwenda chini kuliko ilivyodhaniwa, na mibuyu iliyakataa matingatinga. Njia mojawapo iliyobuniwa ilikuwa kufunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili yaliyokwenda sambamba, ili uburuzwe na kulaza vichaka vilivyokuwa katikati, huku trekta la tatu likifuata nyuma kusukuma miti iliyogoma. Hapo nguvu ya kuvuta ilijaribiwa kikweli, na ilibainika kwamba mashine zilizokuwa zimelala miaka katika unyevu wa kitropiki, zikiwa za aina mbalimbali na bila vipuri vya kutosha, hazikuweza kuustahimili mtihani huo. Kabla mwaka 1947 haujaisha, karibu theluthi mbili za matrekta zilikuwa zimesimama, na badala ya ekari 150,000 zilizokusudiwa kwa mwaka wa kwanza, ni takriban 7,500 tu zilizopandwa. Mpango ulifutwa mwezi Januari 1951, na hazina ya Uingereza ikaandika hasara ya pauni milioni 36 hivi.

Kivu nayo ilipata somo lake, ingawa kwa njia nyingine. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, alitangaza hatua zilizoitwa zairianisation, ambazo ziliwanyang'anya wageni mashamba na biashara na kuwakabidhi wananchi waliochaguliwa, na mashamba mengi ya kahawa, chai na kwinini ya Kivu yalidhoofika, kwa sababu mashine zilibaki ilhali mikondo ya fedha, mafundi na vipuri iliyozihudumia ilikatika. Katika tambarare ya Ruzizi, kiwanda cha sukari cha Kiliba, ambacho mashamba yake ya miwa yalihitaji kulimwa na kubebewa mavuno kwa mashine, kilisimama wakati wa vita vya 1996. Trekta, kama historia hizi zinavyoonyesha, haliwezi kuishi peke yake. Uhai wake umo katika mnyororo wa watu na bidhaa unaolizunguka.

Kutokana na hayo, mpangilio wa uchunguzi wa trekta la mtumba unajidhihirisha. La kwanza ni kuuliza ni aina gani iliyozoeleka katika eneo na vipuri vyake vinauzwa wapi, kwani Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambayo mafundi wengi wa Afrika ya Mashariki wanaifahamu, huweza kumfaa mkulima mdogo kuliko mashine mpya zaidi ambayo hakuna fundi wa kuifungua. La pili ni kukagua viungo vinavyobeba mvuto: mafuta ya giaboksi yenye rangi ya maziwa huonyesha kwamba maji yameingia, gia inayoruka yenyewe mzigo ukizidi huonyesha meno yaliyolika, na klachi inayoteleza huficha udhaifu wake mpaka siku ya kazi. La tatu, ambalo Kongwa ililisahau, ni kulijaribu trekta juu ya udongo ambao litafanyia kazi, likiwa limefungiwa mzigo halisi.

Hapa ndipo mchezo wa Ohio na Missouri unapostahili kuangaliwa kwa uzito na vyama vya wakulima wa Ruzizi na wafanyabiashara wa Ibanda wanaowaletea mashine. Uwanja mmoja uliopimwa, mnyororo uliofungwa kwa urefu uliokubaliwa, na tela lililojazwa mchanga unaoongezwa hatua kwa hatua mbele ya wanunuzi, vingetosha kuonyesha ndani ya saa moja yale ambayo rangi mpya na maneno ya muuzaji huyafunika, na vingempa mkulima haki ya kuona mashine ikivuta kabla hajatoa fedha alizodunduliza kwa misimu mingi.